Gunia Chini ya Miguu ya Mama Mkwe

Kizuizi cha Koplo Leonardi kilikuwa nje kidogo ya Nyamuswa, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Butiama, na mwaka ule wa themanini na tatu hakikuwa kitu cha kutisha kwa kukitazama. Kilikuwa mti mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili, mgambo wawili wenye viatu vya matairi, kibanda cha bati, na yeye mwenyewe na kofia yake. Lakini mti ule ukilala, kila mtu alisimama. Mkulima alisimama na baiskeli yake, padri alisimama na pikipiki yake, maharusi walisimama na maua yao yakanyauka juani. Sheria ya uhujumu uchumi, ya kukamata wenye magendo, ilikuwa ndiyo imetoka, na ilikuwa imempa koplo wa kijijini nguvu ambazo mkoloni mwenyewe angeona haya kuzitumia mchana.

Magari yalikuwa ya kuhesabu, maana petroli ilikuwa ya kibali. Lililopita bila kukosa, kila Jumanne na kila Ijumaa, ni pikapu ya Kasmiri, Pijo ya kijani iliyochakaa mpaka milango inafungwa kwa kamba. Ilibeba watu na mizigo yao kutoka Nyasho pale Musoma, ikapitia Butiama, ikaishia Bunda. Kasmiri aliwahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka miwili, kabla hajagundua kwamba usukani unalisha kuliko kalamu. Ukarani aliuacha, lakini wenyewe haukumwacha.

"Hakimu amefika," Leonardi alikuwa akimwambia kila akimwona.

"Hakimu yupo, Koplo. Leo unanisimamisha kwa kosa gani?"

"Kosa la kupita."

"Kupita siyo kosa. Kunisimamisha una ruhusa, hiyo sikatai. Kuangalia nyuma, angalia mpaka uchoke. Lakini ukitaka kuingiza mkono mfukoni kwangu nitakuuliza karatasi. Na ukichukua kitu, unaandika orodha, unaweka saini, na mimi naweka, na shahidi anaweka. Nakuambiaga kila wiki, hushiki."

"Wewe ungekuwa mkubwa wa polisi, sisi tungekufa njaa."

Walikuwa wakicheka. Mgambo wakainua mti, pikapu ikaondoka ikikohoa, na Leonardi akabaki na uso mkunjufu mpaka mchana. Alimpenda yule mtu. Lazima hilo lisemwe mapema, kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya msikilizaji adhani kulikuwa na chuki ya zamani. Chuki haikuwepo hata chembe.

Mwaka ule pia Leonardi alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mkewe Pelagia alikuwa amejifungua. Walikuwa wamekaa miaka kumi na mmoja bila mtoto, wamezunguka kwa madaktari na kwa mapadri na kwa wengine ambao koplo wa polisi hawataji, na sasa binti alikuwa amelala ndani ya nyumba akivuta pumzi. Wakamwita Nyangi. Tabu ilikuwa moja tu: sabuni hakuna. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi na mwenye duka anayesinzia. Watu walifulia majani ya mpapai, na nepi za mtoto zilikauka zikiwa ngumu na bado zina madoa. Mtoto akapata upele mapajani.

"Mwambie mama yako aangalie huko Musoma," Leonardi alimwambia mkewe. "Wale wa Nyasho hawakosi njia."

Njia yenyewe ilijulikana na kila mtu. Ilitoka Kenya, ikavuka Sirari kwenye migongo ya watu na baiskeli. Koplo aliyelipwa kuifunga njia hiyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwake akiiagiza. Jumatatu jioni Pelagia akamletea jibu, akiwa anamnyonyesha mtoto: mama yake anakuja kesho na gari la Kasmiri, kukaa mwezi mzima kumwangalia mzazi, na ana miche sita ya sabuni, makopo mawili ya mafuta ya kupikia na vitenge vya kumbebea mtoto. Leonardi alisema, "Vizuri." Alilala usingizi mzuri sana.

Hapa inabidi kueleza jambo la ukwe, kwa wale ambao kwao mtu na mama mkwe wake wanakula sahani moja. Kwa Leonardi haikuwa hivyo. Mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaingia porini, yeye anapita. Jina lake halitajwi. Kwa miaka kumi na mmoja Leonardi hakuwahi kulitamka jina la Dorotea Mbuke, alimwita Mama Pelagia, na hata hilo kwa sauti ya chini. Neno la kumwambia linapitia kwa mtu mwingine. Usimguse, usiguse alipolalia, usimwambie ainuke pale alipokaa. Anayevunja hilo anachinjisha mbuzi, na akilivunja vibaya, mke anarudi kwao na mtoto wake, na hakuna mzee wa kumlaumu.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, Inspekta Apolinary alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha bati. Alikuwa ametumwa na wakubwa kuzungukia vizuizi vyote, maana vizuizi vingine vilikuwa vinakamata na cha Nyamuswa hakikamati. Alikuwa mtu wa mbali, wa kusini huko, mwenye sauti laini na daftari jipya. Tangu saa moja alikuwa amemuuliza Leonardi swali lile lile mara tatu.

"Yaani kwako hapa, Koplo, wahujumu hawapiti?"

"Wanapita kwingine, afande."

"Mnakuwa na ndugu wengi nyie wa huku. Ndiyo tatizo."

Pikapu ikatokea. Nyuma ilikuwa na watu sita na matenga ya dagaa. Mbele, pembeni ya Kasmiri, alikaa mama mmoja mnene amejitanda khanga, miguu yake ikiwa juu ya gunia. Leonardi alimwona kabla gari halijasimama, na shingo yake ikageuka yenyewe upande wa pili. Akaenda mlangoni kwa dereva akiwa anatazama tairi.

"Hakimu," alisema, bila utani ndani yake.

Kasmiri akamtazama, akatazama kibandani, akaelewa. "Kagua nyuma, Koplo," alisema. "Nyuma kuna dagaa tu."

Leonardi akakagua nyuma. Alichambua dagaa kwa uangalifu ambao dagaa hawakuwahi kupewa. Alipomaliza aliwapungia mgambo mkono wainue mti, na hapo ndipo sauti laini ikatoka kibandani.

"Na mbele?"

"Mbele kuna mama mtu mzima, afande."

"Mama mtu mzima hana mzigo?"

Kasmiri akazima injini. Alishuka polepole, akavua kofia. "Afande, kwa heshima," alisema. "Mwanamke anakaguliwa na askari mwanamke, tena kwa staha. Hiyo ni sheria, hata leo haijafutwa. Hapa sioni askari mwanamke. Na mzigo wa abiria, kama kuna tuhuma, tuambiwe tuhuma yenyewe ni nini. Mama huyu ametuhumiwa na nani?"

Inspekta alimtazama kwa muda, kama vile kweli anataka kujua. Kisha akamgeukia Leonardi. "Huyu ndiye nani?"

"Dereva, afande."

"Na yule mama unamfahamu?"

Mgambo mmoja, mjinga wa kuzaliwa, akajibu kabla yake. "Ni mkwe wake Koplo."

"Kumbe," alisema Inspekta, akafungua daftari. "Simkagui mama. Nakagua gunia. Wewe mgambo, livute."

Gunia likavutwa kutoka chini ya miguu ya Mama Pelagia. Yule mama hakupinga. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua, maana mkwe wake alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake. Juu ya gunia kulikuwa na udaga wa muhogo. Chini ya udaga kulikuwa na miche sita ya sabuni, makopo mawili ya mafuta yenye maandishi ya Kenya, na vitenge vimekunjwa vizuri ndani ya taulo dogo la mtoto. Inspekta aliupanga kila mche juu ya boneti, mmoja mmoja.

"Vya nani?"

Watu wa nyuma waliangalia milima ya Nyamuswa ambayo walikuwa wameiona tangu wazaliwe. Inspekta akamtazama Leonardi. "Koplo, nauliza. Kama ni vya mkweo, toa pingu umfunge mwenyewe. Hapa hapa nione."

Leonardi aliishika pingu kiunoni. Alikumbuka baadaye, na alikumbuka kwa miaka mingi, kwamba mdomoni alikuwa na maneno yote yaliyotakiwa. *Afande, vitu hivi ni vyangu. Nimeviagiza mimi. Ni vya mtoto wangu.* Yalikuwa maneno machache tu. Angevuliwa kombati, angefungwa, lakini angekuwa ameyasema. Aliinua macho, akakutana na macho ya Kasmiri.

Kasmiri alikuwa mtu wa huku. Alijua maana ya mkono wa mkwe kwenye kiwiko cha mama mkwe, tena na chuma. Alijua pia kuna mtoto mchanga. Alimtazama Leonardi moja kwa moja kwa muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu nusu, halafu akasema:

"Ni vya kwangu."

"Vya kwako?"

"Vya kwangu. Mama nimemwekea tu chini ya miguu, hajui kilichomo. Ila nitaomba orodha, afande. Iandikwe, tuweke saini wote."

Inspekta alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mwandikie, Koplo. Mwandikie orodha yake."

Leonardi akaandika juu ya boneti la moto. Aliandika sabuni miche sita, mafuta makopo mawili, vitenge pea tatu, taulo moja dogo, na chini yake akaandika alivyoambiwa aandike, kwamba mtuhumiwa amekiri kwa hiari yake kuwa mali ni yake. Kasmiri akasoma mstari kwa mstari kama alivyozoea, akasahihisha tarehe, akatia saini baada ya Koplo na Inspekta. Alipomrudishia kalamu alimwambia kwa sauti ya chini, "Utaongea nao, Koplo." Hakuuliza. Alikuwa anataja tu jambo walilokubaliana.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya. Alidhani ukwe unamfunga Leonardi kuliko kombati inavyomfunga. Alipiga hesabu ya siku mbili mahabusu, faini kidogo, na koplo ataongea na wakubwa taratibu pasipo na mtu. Mtu uliyemfichia aibu ya ukwe anakuwa nduguyo. Hiyo aliijua tangu utotoni, na haikuandikwa katika kitabu chochote cha mahakama.

Leonardi naye alikusudia kuongea. Tumpe haki yake hapo. Alikusudia kuongea mama mkwe akishaondoka, halafu akakusudia kuongea Inspekta akishakunywa chai, na wakati anakusudia, Landrova ya polisi ikampakia Kasmiri kwenda Musoma, na askari mwingine akaiendesha Pijo nyuma yake. Mama Pelagia alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa binti yake, mikono mitupu.

Alikaa mwezi wake wote. Alimkanda mzazi, akamwogesha mtoto kwa maji ya majani, na kila jioni Leonardi aliisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta ikimuuliza Pelagia, "Kasmiri karudi?" Pelagia alikuja kumuuliza mumewe, na mumewe alisema bado. Pelagia alirudi kusema bado. Siku moja Pelagia akamuuliza la kwake mwenyewe, "Lakini si uliwaambia?" Leonardi akamjibu kwamba mambo ya kazi hayasemwi nyumbani. Pelagia hakuuliza tena, na hilo la kutouliza lilimuuma kuliko swali.

Kesi ilisikilizwa Musoma, mwezi wa saba, mbele ya baraza maalumu. Wakili haruhusiwi, dhamana haipo, ndivyo ilivyokuwa. Kasmiri alikuwa amekonda, shati lake limekuwa kubwa. Kielelezo kilichotolewa kilikuwa ile orodha aliyoidai mwenyewe. Kila kitu kilikuwa mahali pake, tarehe imesahihishwa, saini zote tatu zipo. Asingeidai, wangekuwa na sabuni tu na maneno ya watu.

Alipopewa nafasi alisema, "Waheshimiwa, nilisema ni vyangu kwa ajili ya kuficha aibu ya mtu. Siyo vyangu. Mwenyewe simtaji, hata mkinifunga simtaji. Lakini Koplo anajua. Muulizeni tu yeye kama ni vyangu, basi."

Leonardi alisimama. Kombati yake ilikuwa imepigwa pasi na Pelagia asubuhi ile.

"Shahidi, mshitakiwa alikiri mbele yako?"

"Alikiri, mheshimiwa."

"Unajua lolote zaidi ya hapo? Mali ilikuwa ya nani?"

Alimfikiria mama mkwe akiletwa pale. Ndivyo alivyojiambia kwa miaka, kwamba alimfikiria mama mkwe. Ukweli ni kwamba wa kwanza kumjia kichwani alikuwa Inspekta Apolinary, aliyekaa benchi la pili na daftari lake. Wa pili alikuwa yeye mwenyewe bila kofia, akirudi kijijini kulima mtama. Mama mkwe alikuja wa tatu, na Leonardi akamshika huyo kwa mikono miwili kwa sababu alifaa kujifichia.

"Zaidi ya alichosema, mheshimiwa, mimi sijui."

Kasmiri hakupiga kelele. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa hakuna. Alipewa miaka mitatu, na pikapu ikataifishwa.

Miaka ile ilipita vibaya kwa Kasmiri na haraka kwa nchi. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, asiulizwe kazipata wapi. Kufikia themanini na sita, soko la Bunda lilikuwa na sabuni zimepangwa chini juu ya turubai, za kila rangi, na muuzaji anakuita mjomba ununue mbili upewe moja. Leonardi alikuwa amehamishiwa Bunda. Alipita hapo kila siku kwenda kazini na akawa anazunguka kwa nyuma, kwenye majalala, asipite mbele ya turubai lile. Pikapu aliiona mara moja, kwenye uwanja wa magari yaliyoshikwa. Haikuwa na magurudumu, na mbuzi walikuwa wanalala ndani.

Kisha zikaja haki za raia. Bunge lilikuwa limeziingiza kwenye Katiba tangu themanini na nne, ila serikali ikaomba miaka mitatu ya kujitayarisha kuanzia themanini na tano, kama mwenyeji anayekwambia karibu huku anafunga mlango. Mwezi wa tatu themanini na nane muda ukaisha, na askari wa wilaya wakaitwa semina. Kijana mmoja mwanasheria, amevaa tai, aliandika ubaoni: dereva aambiwe sababu ya kusimamishwa, mwanamke akaguliwe na mwanamke kwa staha, kikichukuliwa kitu, iandikwe orodha na isainiwe. Askari vijana walinong'ona, haya mapya yatatumaliza. Leonardi alinakili yote. Aliyajua kwa moyo, kwa sauti ya mtu aliyeegemea mlango uliofungwa kwa kamba, na ilimbidi atoke nje kabla kipindi hakijaisha.

Wiki moja baadaye, siku ya Jumamosi, alikuwa peke yake nyumbani. Pelagia alikuwa amempeleka Nyangi kwa rafiki yake Selestina. Mlango ukabishwa, na alipofungua alimkuta Mama Pelagia amesimama, amezeeka, anamtazama usoni. Leonardi alirudi nyuma akitafuta mlango wa uani.

"Kaa, Baba Nyangi," alisema yule mama. "Nimeenda kwa wazee. Nimetoa mbuzi. Wameniruhusu siku moja niongee na wewe kwa mdomo wangu."

Mama Pelagia alikaa kwenye kochi, na Leonardi akakaa kwenye stuli ya mlangoni. Hawakujua watazame wapi.

"Zile sabuni zilikuwa zangu," alisema Mama Pelagia. "Na vile vitenge. Kasmiri hata hakujua vimo. Nilikuwa nimekaa pale, nikakusikia unaandika, nikakaa kimya. Nilisema nitasema kesho. Kesho ikawa miaka mitano. Nimekufanya umfunge mtu bure, na wewe ulikuwa unafanya kazi yako tu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Akaanza kushuka kutoka kwenye kochi. Leonardi alipoona magoti ya mama mkwe yanaitafuta sakafu, aliruka kutoka kwenye stuli.

"Mama, usipige magoti! Nilijua!"

"Ulijua nini?"

"Nilijua vyote. Pelagia aliniambia Jumatatu, hata hujapanda gari. Mimi ndiye nilisema uletwe sabuni. Hata kule Musoma nilipoapa, nilijua."

Mama Pelagia alirudi kukaa. Leonardi alilia, kwa sauti, bila kuficha uso, akasikia kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ilikuwa raha karibu isiyovumilika. Aliamini kwamba lililokuwa gumu limekwisha.

"Vizuri," alisema hatimaye yule mama, na sauti yake haikuwa na hasira. "Basi imekuwa rahisi. Kasmiri yuko Buhemba, anaponda mawe ya dhahabu ya watu. Anakohoa. Leseni walimfutia, gari wamekula. Nilimwendea mwezi uliopita. Kuna karani Musoma amesema siku hizi kesi hizo zinaweza kuangaliwa tena, lakini anatakiwa shahidi. Mimi peke yangu ni bibi tu wa Nyasho, watasema nimehongwa samaki. Lakini wakisikia mimi na Koplo aliyeshika kalamu, watasikia. Jumatatu twende wote."

Leonardi akafuta macho. Aliisikia Jumatatu ikija.

"Mama," alisema, "niliapa."

"Ndiyo. Sasa utaapa kweli."

"Wakijua niliapa uongo, wananifunga mimi. Na mwezi ujao... jina langu limeshapelekwa, mama. Wananipa usajenti. Nyangi karibu anaanza shule. Nipe muda. Nikishapata, baada ya mwaka hivi, mambo yakitulia..."

Alisema mengi zaidi. Alieleza kuhusu nyumba ya serikali na kuhusu wakubwa wapya, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa na mpangilio mzuri. Mama Pelagia alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama usoni wakati wote, kwa ile ruhusa ya siku moja aliyoilipia mbuzi.

"Nilipomwendea Kasmiri," alisema, "nilimwambia nakwenda kwa mkwe wangu kusema ukweli, ila naogopa, maana labda alijua na sisi wote tumekaa na nyoka ndani. Akaniambia, mama, kaa kwa amani, mkweo hakujua kitu. Akasema, mimi nilimwangalia machoni siku ile, hakujua."

Akainuka, akajifunga khanga vizuri.

"Kumbe na hilo lilikuwa zawadi. Sasa Pelagia, anayejua ya sabuni, asisikie ulivyoapa, wala mtoto. Nitawaambia watu hivyo hivyo alivyosema Kasmiri. Kwamba hukujua."

"Asante, mama," alisema Leonardi.

Lilimtoka upesi, na lilikuwa la kutoka moyoni. Alikuwa ameshukuru kweli. Mama Pelagia alisimama kidogo mlangoni kama anayengoja aseme neno jingine, na alipoona hakuna, akatoka kwenda kungoja gari la Musoma.